Mzazi akizeeka: mwongozo kamili wa bima, fedha na maamuzi ya matibabu

Mwongozo huu ni wa familia za Tanzania Bara zenye mzazi aliyevuka miaka 60 na watoto waliotawanyika. Zanzibar ina mfuko wake wa afya na utaratibu wake wa kuwalipa wazee, kwa hiyo sehemu ya bima humu haiwahusu walio huko. Sheria na ofisi nyingi zilizotajwa humu nazo ni za Bara. Ushauri mwingine unawahusu.

Nitatumia familia ya mfano. Mama ni mjane wa miaka 71, anaishi Rombo, maisha yake yote ni kilimo cha kahawa na migomba, ana presha na kisukari. Watoto ni watano: kaka mkubwa ni mwalimu Kahama, ana miaka 57, dada ni muuguzi Morogoro, wa tatu anafanya kazi Muscat, wa nne ni bodaboda Dar es Salaam, na kitinda mimba anaishi na Mama.

Karibu kila hatua hapa chini inataka sahihi ya Mama au neno lake mwenyewe. Kiharusi kinaweza kuviondoa vyote viwili asubuhi moja. Ndiyo maana kazi hii hufanywa mzazi akiwa bado anakwenda sokoni kwa miguu yake.

1. Kaeni kikao, na Mama awepo

Desemba watu wakirudi nyumbani ndiyo nafasi nzuri. Aliye Muscat apigiwe simu ya video. Msimweke Mama chumbani huku mkijadili maisha yake sebuleni. Wazee wengi hukataa hospitali baadaye kwa sababu tu walipangiwa wasiulizwe.

Mgawane kazi tatu, zisiangukie mtu mmoja: msemaji wa familia mbele ya madaktari, mweka hazina, na mlezi wa kila siku. Kwa desturi kaka mkubwa hubebeshwa zote, na hapo ndipo mambo hukwama. Akiwa darasani Kahama simu imezimwa, daktari Moshi anasubiri jibu. Msemaji awe anayepatikana na anayeielewa lugha ya hospitali. Hapa ni yule muuguzi. Kaka mkubwa abaki mwenyekiti, neno zito la ukoo ni lake, lakini asiwe kizuizi cha fomu kusainiwa.

Sasa suala ambalo familia nyingi hulikwepa. Kitinda mimba anayelala na Mama, anayemwamsha usiku kwenda chooni, anayempikia uji usio na sukari, huhesabiwa kama asiyechanga kitu. Kisha wenye mishahara hufika kwa basi, wakakagua, wakalaumu. Mkae mkadirie: angeajiriwa mtu kufanya kazi hiyo angelipwa kiasi gani kwa mwezi? Kiasi hicho kiandikwe kama mchango wa kitinda mimba, na juu yake apewe fedha ya mkononi na likizo. Bila hilo, mwaka wa pili atachoka au ataondoka, na mpango wote utaanguka kwa sababu ulisimama juu ya mgongo wake.

2. Linganisheni majina

Hii ni kazi ya kuchosha na haina sifa yoyote, lakini bima, benki na mirathi vyote hugotea hapa. Kitambulisho cha NIDA kinasema jina moja, kadi ya kliniki inasema la ubatizo, hati ya shamba ina jina la mume. Chagueni jina la NIDA liwe msingi, kisha wakili amwandalie Mama hati ya kiapo inayosema majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Kama Mama hana NIDA kabisa, anzeni na barua ya serikali ya kijiji. Na kwa wazee walioshika jembe miaka hamsini alama za vidole huwa zimefutika. Mwambieni afisa mapema, msisubiri mashine igome mara kumi.

3. Bima: nani ambebe mzazi

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianza kazi mwaka 2001. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 3. Kwa mchango huo anahudumiwa mwanachama, mwenza wake na wategemezi wanne, na hao wanne wanaweza kuwa watoto au wazazi, wakiwemo wakwe. Hapo ndipo hesabu inapoanza.

Mwalimu wa Kahama ana mke na watoto watatu. Amebakiwa na nafasi moja, na mama mkwe wake naye anaikodolea macho. Wengi hukimbilia kumweka Mama hapo kwa kuwa ndiye mkubwa. Mimi nisingefanya hivyo. Ana miaka 57. Akifika 60 anastaafu kwa lazima, na bima ya mstaafu humhudumia yeye na mwenza wake tu. Mama atakuwa na miaka 74 siku kadi yake itakapokoma, umri mbaya kuliko wote wa kuanza kutafuta bima upya.

Muuguzi wa Morogoro ni mdogo, ana miaka mingi kazini. Mume wake naye ni mtumishi wa umma na anachangia kwa mshahara wake, kwa hiyo watoto wao waandikwe upande wa mume, na nafasi za dada zibaki kwa Mama. Kaka aitumie nafasi yake kwa mama mkwe, na ugomvi wa nyumbani kwake uishe.

Kama hakuna mtoto mwenye ajira rasmi, njia zilizobaki ni hizi.

CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ni nafuu. Katika mikoa mingi kaya ya watu hadi sita imekuwa ikilipa sh. 30,000 kwa mwaka. Mjue tu mipaka yake: imekuwa ikianzia zahanati na kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa Mama wa Rombo ina maana kadi inamfikisha Mawenzi, pale Moshi mjini. Akiandikiwa rufaa kwenda KCMC, ambayo ni hospitali ya kanda, familia inalipa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023 na utaratibu huu wa zamani unabadilika nayo, hivyo kabla ya kulipa ulizeni kwa afisa wa mfuko mambo matatu: kiwango cha sasa, ngazi ya mwisho ya hospitali, na muda wa kusubiri kabla kadi haijaanza kufanya kazi.

Bima binafsi zina kikwazo cha umri. Nyingi hazipokei mwanachama mpya aliyepita miaka 60 au 65, na ugonjwa aliokuja nao mtu huwekewa kipindi cha kusubiri au kiwango kidogo cha malipo. Msifiche kisukari kwenye fomu ili apokelewe. Siku ya kudai, kampuni itaomba faili la kliniki na kukataa.

Kisha kuna msamaha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mwenye miaka 60 na kuendelea, na asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo kwenye vituo vya serikali. Apate barua ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa, kitambulisho cha mzee, na hospitalini amwone afisa ustawi wa jamii kabla ya kwenda dirisha la malipo. Msamaha hauleti dawa isiyokuwepo stoo. Wekeni fedha ya dawa hata kama kadi ipo.

Mkiwa na kadi yoyote ile, chagueni vituo viwili, kimoja cha serikali. Machi 2024, baada ya NHIF kuanza kutumia kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma inazolipia na bei zake, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wenye kadi zake. Waliokuwa na kituo kimoja tu walihangaika. Na kila mara Mama anapohudumiwa, asome, au asomewe, fomu ya madai kabla ya kuweka sahihi: kama imeandikwa vidonge sitini na mkononi ana thelathini, arudishe kalamu aulize.

4. Daftari la Mama

Mali bila daftari hupotea bila habari, na afya ni hivyohivyo. Nunueni daftari moja gumu, likae mahali kila mtu anapajua, na msemaji wa familia awe na picha za kurasa zake kwenye simu. Ukurasa wa kwanza usomeke hivi:

*Jina kama lilivyo NIDA. Mwaka wa kuzaliwa. Namba ya kadi ya bima. Namba ya faili kliniki. Magonjwa: presha, kisukari. Mzio: dawa za salfa. Dawa: amlodipine mg 10 asubuhi, metformin mg 500 asubuhi na jioni. Miti shamba: mwarobaini, mara mojamoja. Wa kupigiwa simu: muuguzi, kisha kaka, kisha jirani mwenye gari.*

Mstari wa miti shamba msiuruke. Mzee hamwambii daktari kuhusu mwarobaini kwa kuwa hauhesabu kuwa dawa, nao unaweza kushusha sukari zaidi juu ya ile iliyokwisha kushushwa na vidonge.

Orodha hii inaokoa mambo madogo pia. Amlodipine, ile dawa ya presha, huweza kuvimbisha miguu. Daktari mpya asiyejua kwamba Mama anaitumia ataona miguu imevimba, atamwongezea dawa ya kukojoza, Mama ataanza kuamka usiku mara nne na kuhisi kizunguzungu njiani kwenda chooni. Mara nyonga imevunjika. Ukianza kufuatilia, chanzo ni kidonge ambacho hakuna aliyekitaja.

Kurasa zinazofuata ni za vipimo vya presha na sukari, tarehe za kliniki, na fedha iliyotumika siku hiyo. Kila karatasi ya kuruhusiwa hospitali ibanwe humo.

5. Fedha: mafungu mawili, laini moja

Tuseme kila mwezi muuguzi na mwalimu wanatoa sh. 50,000 kila mmoja, aliye Muscat 100,000, bodaboda 20,000. Jumla 220,000. Gawanyeni: 120,000 ni ya matumizi ya mwezi, yaani dawa, chakula, nauli ya kliniki, 100,000 ni ya dharura na haiguswi. Kwa mwaka dharura inafika milioni 1.2, ambayo inatosha kufika Moshi usiku kwa gari la kukodi na kuanza matibabu bila kupiga simu za kuomba.

Bodaboda asidharauliwe kwa elfu ishirini yake. Mchango upangwe kwa uwezo, na sauti kikaoni iwe sawa. Familia ambapo anayetoa kingi ndiye anayeamua hospitali huishia na mtu wa Muscat akipinga kwa simu upasuaji ambao daktari na mgonjwa wameshakubaliana.

Fedha ya mwezi ipite kwenye laini moja ya simu iliyosajiliwa kwa ajili hiyo tu, isichanganyike na vocha na biashara ya kitinda mimba. Mchanganyiko huo ndio chanzo cha "hela ya Mama imekwenda wapi?", hata pale ambapo hakuna aliyeiba. Fungu la dharura liwe kwenye akaunti ya pamoja benki yenye watia sahihi wawili, au kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambako linakua kidogo na linatoka ndani ya siku chache za kazi. Kwa sababu ya hizo siku chache, sehemu yake ibaki mahali pa kuchukua palepale.

Mweka hazina atume hesabu kwenye kundi la WhatsApp la familia kila mwisho wa mwezi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na picha za risiti. Asiwe yule anayetoa kingi. Namba ya siri ya simu ya Mama ibaki ya Mama. Mjukuu anayemsaidia "kutoa kidogo" kila Jumamosi ni tatizo linaloanza taratibu.

Ugonjwa mkubwa ukizidi fungu, andikeni mpangilio wa vitakavyoguswa, kwa zamu. Kwanza fungu la dharura, kisha michango ya ziada ya watoto, kisha mkopo wa Saccos wa mmoja wenu kwa makubaliano ya maandishi kwamba wote mtalipa. Mikopo ya kausha damu haimo kwenye orodha kabisa. Kihamba, yaani shamba la ukoo, je? Kwa Wachaga kuuza kihamba ni jambo zito la ukoo, na mnunuzi anayejua Mama yuko wodini hutoa bei ya mtu aliyeshikwa pabaya. Mkubaliane sasa, Mama akiwepo, kama kinaweza kuguswa au la.

6. Karatasi, na ukomo wake

Mama anaweza kumpa mtoto hati ya nguvu ya kisheria, inayomruhusu kutenda kwa niaba yake benki, ardhi au ofisi fulani. Wakili huiandaa. Iandikwe kwa mambo mahususi, isiwe ya "kila kitu".

Watu wengi hudhani hati hii ndiyo kinga ya siku mzazi atakapopoteza fahamu. Sivyo. Kwa Sheria ya Mikataba, uwakala hukoma aliyeutoa anapofariki au anapopoteza akili timamu. Yaani hati inaisha nguvu siku ileile mliyoiandalia. Baada ya hapo ni kwenda mahakamani kuomba mtu ateuliwe kusimamia mali yake. Kwa hiyo itumieni mapema, kwa kazi zinazoweza kumalizika: kufungua akaunti ya pamoja, kurekebisha majina ya hati ya shamba, kufuatilia mirathi ya Baba iliyolala tangu alipofariki. Hiyo ya mwisho, kusema kweli, ndiyo huwa mzigo mkubwa. Mama hawezi kugawa kihamba ambacho kwenye karatasi bado ni cha marehemu.

Wosia ni wa Mama, auandike kwa hiari yake akiwa na mashahidi, kwa kufuata sheria inayomhusu, ya kimila, ya Kiislamu au ya serikali. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huhifadhi wosia. Mtoto anayefaidika asiwe ndiye anayemwandalia.

Kuhusu matibabu, muulizeni Mama maswali ya wazi na myaandike kwenye daftari na tarehe, naye aweke sahihi au dole gumba. Angependa kupelekwa mpaka wapi? Akiwa hawezi kula, anataka mpira wa kulishia? Anataka kufia nyumbani? Maswali haya ni magumu kuuliza, na ukianza na "Mama ukifa" utafukuzwa. Anza na jirani aliyeugua: "Mama, ulivyomwona mama fulani, ungependa wewe ufanyiwe vile?" Atajibu, tena kwa kirefu.

7. Siku ya kulazwa

Dalili za kiharusi, yaani mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kuvurugika, hazisubiri kikao wala maombi ya usiku kucha. Muda mtu alipoonekana mzima mara ya mwisho uandikwe, daktari atauuliza. Msimpe maji wala kidonge cha presha mdomoni njiani. Koo linaweza kuwa limepooza na vikaingia mapafuni.

Wodini azungumze na daktari msemaji mmoja tu, na ndugu wengine wasubiri taarifa yake. Kabla ya fomu ya ridhaa ya upasuaji aulize: ugonjwa ni nini, tukimwacha bila kufanya hili nini kitatokea, akitoka atakuwa katika hali gani, na kipi kati ya haya bima hailipi. Swali la tatu ndilo muhimu kwa mzee. Upasuaji unaweza kufaulu vizuri na mtu asisimame tena.

Magonjwa yanayodai fedha kila wiki yajadiliwe kwa kalenda. Kusafisha damu kwa wenye figo zilizofeli kwa kawaida ni mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara kwenye mashine. Ukiwa Rombo na mashine iko Moshi, nauli na mtu wa kumsindikiza vinaweza kuwashinda hata kama kadi inalipia huduma. Mtafutieni pa kukaa karibu kabla ya kuanza.

Na daktari akisema tiba ya kuponya imefika mwisho, ulizieni tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso. Kwa saratani hasa, dawa ya mofini ya maji hutuliza maumivu mgonjwa akiwa nyumbani. Ndugu wanaolia "mnamwacha afe" mara nyingi ndio ambao hawajawahi kulala naye usiku akiugulia.

8. Nyumbani baada ya wodi

Mlezi wa kuajiriwa apewe mkataba wa maandishi. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ana haki ya likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo; wekeni ratiba ya nani atamshikia zamu. Asiyetembea ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku pia, na visigino, makalio na kiuno vikaguliwe wakati wa kumwogesha. Wekundu usioondoka ndio mwanzo wa kidonda. Alishwe akiwa amekaa wima. Mazoezi ya viungo yaanze wiki zilezile za kwanza, msisubiri "apate nguvu".

9. Akifariki

Michango ya msiba iwe na mweka hazina wake, mbali na laini ya matibabu. Taarifa ya kifo iandikishwe ndani ya siku 30, cheti kichukuliwe RITA, na nakala kadhaa zithibitishwe. Kadi yake ya benki isitumike tena hata kama namba ya siri mnaijua: kuanzia siku hiyo fedha ni ya mirathi, na aliyeandikwa benki kama ndugu wa karibu si mrithi kwa sababu hiyo tu. Kikao cha ukoo kipendekeze msimamizi, muhtasari uandikwe, kisha mahakamani. Kama marehemu alikuwa mstaafu, mfuko wake wa pensheni ujulishwe mapema, kwa sababu malipo yatakayoingia baada ya kifo yatadaiwa. Laini yake ya simu iwekewe vocha na kubaki hewani mpaka msimamizi amalize kazi. Benki na pesa za mtandao huthibitisha kwa ujumbe unaokuja kwenye namba hiyo.